Ng'ombe Thelathini na Mmoja wa Kipyego

Nyumba ya Mwalimu,
Rimandi ya Watoto,
Eldoret.
Jumapili, 23 Novemba 1986

Dada yangu Nelima,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, mmoja una wino na mwingine una makombo ya kiazi kitamu, maana nimeanza kukuandikia kabla sijamaliza kula. U hali gani? Ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepoa? Na shemeji, bado anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari kama kwamba mle ndani kuna mtu anayemsikia? Mwambie apunguze sauti, siku hizi si salama kubishana hata na redio. Wajukuu ni wazima wote? Mahindi yameingia ghalani, au nyani wa mlimani wamewasaidia tena kuvuna?

Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima. Jino la mwisho la upande wa kushoto liliniaga mwezi wa nane, na nywele zinaendelea kurudi nyuma kama watoto wanaoogopa kuitwa ubaoni, lakini nasimama, natembea, na uji naupika mwenyewe bila kuuunguza, isipokuwa siku za Jumanne. Sijui Jumanne ina nini.

Sasa, dada, najua umefungua barua hii ukitafuta jambo moja. Wakati wa Pasaka uliniuliza: tangu mama watoto afariki na wasichana waolewe, jioni unaongea na nani? Nikakujibu kurasa mbili juu ya mvua. Mwezi wa sita ukaniandikia tena, barua ya mstari mmoja tu, swali lile lile, umelipigia mstari chini mara mbili mpaka karatasi ikatoboka. Nilicheka, kisha nikaiweka ndani ya Biblia, na sikukuandikia tena hadi leo. Nitakujibu. Ila unanijua tangu ukinibeba mgongoni: siwezi kuingia nyumbani kabla sijalizunguka boma lote. Vumilia nizunguke.

Kazi yangu unaijua, ingawa nasikia huko nyumbani wengine wanaambiana eti mimi ni askari jela. Waambie mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu ni vijana wa miaka kumi hadi kumi na saba ambao wamekamatwa, na hakimu bado hajasema kama wana makosa au hawana. Wanangoja. Rimandi ni hiyo tu, mahali pa kungoja, pamezungushiwa seng'enge. Mmoja atangoja wiki mbili, mwingine mwaka, kutegemea faili yake imelala kwenye kabati gani. Nina darasa moja na ubao mmoja uliopasuka katikati, na nimefundisha hapo miaka kumi na tisa. Kwa vile wanafunzi huja na kwenda, kila mwezi naanza upya hesabu za kugawanya. Nadhani katika Kenya nzima hakuna mtu aliyerudia darasa la nne mara nyingi kama mimi.

Lakini somo langu la kwanza halimo kwenye silabasi. Miaka mingi iliyopita tulikuwa na kijana mmoja mwerevu, wa kujibu swali kabla hujalimaliza. Siku moja seng'enge ikakutwa imekatwa. Askari wakasema hiyo ni kazi ya mtu mwenye kichwa, na hapa ndani mwenye kichwa ni nani? Wakamchukua yeye. Alipelekwa mbali, sikumwona tena, na baadaye ikajulikana aliyekata waya ni mtu wa nje aliyekuwa akiiba kabichi zetu. Tangu siku hiyo kila mtoto anayeingia namwita pembeni, namfundisha maneno mawili: sijui, afande. Ukiulizwa nani amevunja kikombe, sijui, afande. Ukiulizwa leo ni siku gani, sijui, afande, kwa sababu hapa kijana anayejua siku anadhaniwa anazihesabu, na anayezihesabu anadhaniwa anataka kutoroka. Nilijisifu sana kwa somo hilo. Watoto wangu hawakupigwa ovyo. Na usifikiri ni la watoto peke yao. Nenda kwenye baraza lolote la chifu, uliza swali, uone wazee wenye mvi wanavyotazama viatu vyao.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana akaletwa kijana mmoja kutoka Cheptiret, jina lake Kipyego, miaka kumi na minne, mrefu na mwembamba kama mti wa kuanikia nguo. Hana baba wala mama, analelewa na nyanya yake. Alikuwa amechunga ng'ombe wa Mzee Kibet miaka mitatu, kwa mapatano kwamba mwisho wa miaka hiyo atapewa mtamba mmoja awe wake. Mapatano ya namna hiyo ni ya kawaida kwao, na hayaandikwi popote. Mzee akampa mtamba kama alivyoahidi, kisha baada ya miezi miwili akafa. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali akarudi kuhesabu mali, akaona ng'ombe mmoja amepungua, akamkuta kwa nyanya ya Kipyego. Akaita polisi. Kijana akaambiwa ni mwizi wa mifugo.

Huyo mtoto, dada, alikuwa na kichwa ambacho sijapata kukiona. Siku za kwanza alikuwa akiniletea maji. Nyumba yangu, kama unavyokumbuka, iko ndani ya seng'enge hiyo hiyo, kwa hiyo askari hawajali mtoto akija mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa akitua debe, anakaa kwenye ngazi, na kuanzia saa kumi na moja mpaka kengele ya chakula anaongea. Nilimuuliza, kwa mzaha tu, kama anawakumbuka ng'ombe aliowachunga. Akafumba macho akaanza kuwataja. Lelmet, mwenye kichwa cheupe, anayependa kutembea nyuma ya wenzake. Mwanawe wa pembe iliyolegea. Yule mwekundu aliyeumwa na fisi mguuni. Aliwataja wote thelathini na mmoja, rangi, pembe, tabia, na mama ya kila mmoja, na mama ya mama yake. Mimi nikichanganyikiwa anarudia polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi wa darasa la nne.

Nikachukua daftari la shule nikawa naandika. Nilijaribu hata kuwachora. Kipyego alizitazama picha zangu kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa heshima, mwalimu, hao ni mbuzi. Tulicheka mpaka askari wa langoni akageuka kuangalia kuna nini. Kwa kila ng'ombe niliandika alivyosema, na kwa mtamba wake niliandika pia siku aliyopewa: ilikuwa siku ya kulambisha chumvi, Gerishon wa duka alikuwa ameleta gunia la chumvi kwa baiskeli, akawa amesimama hapo hapo wakati Mzee Kibet alipomgusa mtamba mgongoni akasema, huyu sasa ni wa Kipyego.

Uliishika hiyo ya Gerishon? Shika vizuri, tutairudia.

Baada ya hapo nikampa somo langu. Nilimwambia mambo ya ng'ombe yawe yetu sisi wawili hapa kwenye ngazi. Nikamwambia askari wakisikia mtoto wa rimandi ana ng'ombe thelathini na mmoja wa mtu mwingine kichwani, watauliza alikuwa akiwahesabu kwa nini. Alinitazama kama hakuelewa, lakini ni mtoto mtiifu. Kesho yake mkaguzi mmoja alimuuliza jina la kijiji chao, akajibu, sijui, afande. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikaona fahari.

Kesi yake ikaahirishwa mwezi wa kwanza kwa sababu faili haikuonekana. Mwezi wa pili hakimu alikuwa mgonjwa. Mwezi wa nne faili ilionekana lakini polisi aliyeiandika alikuwa amehamishwa. Ikaenda hivyo. Kipyego akaendelea kuleta maji, akaendelea kukaa kwenye ngazi, ila maneno yakapungua. Mwezi wa tano alikuwa akisema habari za nyanya yake tu. Mwezi wa saba alikuwa akinisikiliza mimi. Mwezi wa tisa alikuwa anakaa, mimi nakaa, na tunatazama kuku wa meneja wa rimandi wakipita. Darasani nikimwita alikuwa anachukua muda kabla hajageuza shingo. Nilijiambia, mtoto ameiva, somo limemwingia.

Mwezi uliopita akaja msichana mmoja kutoka chuo kikuu, Bi Jepkemboi, kwao ni upande huu wa Chepkoilel. Ana miwani mikubwa na sauti ndogo. Alikuwa amepewa kibali cha kupima jinsi akili za vijana zinavyofanya kazi wakiwa kizuizini. Meneja akampa stoo ya blanketi, akanipa mimi niwe msaidizi wake, nadhani ili niache kumsumbua juu ya ubao. Alikuwa na vipande vya mbao vya rangi vya kupanga kama mchoro, picha zenye kitu kinachokosekana ukitaje, na namba za kurudia. Anasema namba nne, unazirudia kuanzia mwisho hadi mwanzo. Ukiweza, anaongeza moja.

Alipima vijana arobaini na wawili kwa siku tisa. Mwishoni akaniita nione karatasi zake. Alikuwa amezipanga kwa muda ambao kila mmoja amekaa. Wale wa wiki mbili tatu walikuwa kama watoto wowote wa shule za mjini. Wa miezi mitano walikuwa chini. Wa miezi kumi walikuwa chini zaidi, na chini ya wote, karibu peke yake, alikuwa Kipyego. Kwa karatasi ile, dada, Kipyego alikuwa na akili ya mtoto wa miaka saba.

Mimi nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nikamwambia, binti yangu, umedanganywa na vijana wangu. Nikamweleza somo la sijui, afande, tangu mwanzo, na jinsi wale waliokaa sana ndio waliolijua vizuri zaidi. Nilijiona kama mtu aliyemwonyesha daktari kwamba mgonjwa amejifanya. Yeye hakucheka. Aliniuliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama ningeweza kumwambia Kipyego aache kujifanya, kwa siku moja tu, ampime tena.

Nikasema hiyo ni kazi ya dakika tano. Nilimkuta kijana kwenye kitalu cha sukuma wiki. Nikamwambia leo ninafungua lile somo, leo ujibu yote unayoyajua, hakuna wa kukudhuru, ni mimi nimesema. Akauliza, yote, mwalimu? Nikamwambia yote. Akanawa mikono, akaingia.

Nilimtazama kwa nusu saa. Alijaribu. Ningependa uelewe hilo, Nelima, alijaribu mpaka jasho likamtoka chini ya pua, na stoo ile ni baridi. Mbao alizigeuza, akazigeuza, akaziacha. Namba tatu alizirudisha, nne zikampotea. Aliponitazama hakuwa na ile sura ya mtoto anayeficha. Ilikuwa sura ya mtu aliyeingiza mkono mfukoni na kukuta mfuko umetoboka.

Nikamwomba Bi Jepkemboi anipe nafasi niulize swali langu moja. Nikamwambia, Kipyego, nitajie ng'ombe wa Mzee Kibet. Akafumba macho kama zamani. Lelmet. Wa pembe iliyolegea. Mwekundu wa mguu. Wa nne, wa tano. Akafika wa sita akasimama. Nikamngoja. Nikamuuliza, siku uliyopewa mtamba wako nani alikuwepo? Akasema, "Mzee alikuwepo." Nikauliza, na nani mwingine? Akasema, "Sijui, mwalimu." Hakusema afande, dada. Alisema mwalimu. Kwa hiyo ilikuwa kweli.

Alipotoka nilikaa kwenye kigoda alichokuwa amekalia. Nikamwambia binti anipime na mimi, tuone mzee ana nini kwenye debe. Alikataa kwanza, nikasisitiza. Mbao nilizipanga tatu nikashindwa na ya nne. Namba nilirudisha nne, tano zilinikimbia. Aliandika kitu akageuza karatasi chini. Nikamtania kwamba basi nimefeli, na mimi ni mwalimu, hao watoto wamekwisha. Akaniuliza nimekaa hapa muda gani. Nikamwambia miaka kumi na tisa. Alinimiminia chai kutoka chupa yake, akaweka sukari bila kuniuliza, vijiko vitatu, kama unavyomwekea mtu aliyefiwa.

Ripoti yake aliiandika vizuri, niliisoma. Ilisema kadiri vijana wanavyokaa bila kesi kusikizwa, ndivyo akili zao zinavyopungua kasi, na ikasema wasiachwe. Lakini meneja alichukua namba za Kipyego akaacha sentensi. Akaandika barua kwa mahakama kwamba mtoto huyu ana upungufu wa akili, hawezi kujieleza, na ingefaa apelekwe kwenye nyumba fulani ya mbali, huko wanakowekwa watoto wa namna hiyo, mpaka atimize miaka kumi na minane. Na kwa kuwa sasa ilionekana jambo limeisha, faili iliyokuwa ikipotea mwaka mzima ilipatikana kwa siku mbili. Tarehe ikawekwa, Alhamisi tarehe sita ya mwezi huu.

Mimi ndiye niliyepangwa kumsindikiza. Nilivaa lile koti la arusi yangu, kifungo cha kati kikakataa, nikaacha kubishana nacho. Daftari nililiweka ndani ya koti. Nilikuwa bado sijui kama nitalitoa.

Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye kikohozi. Kiongozi wa mashtaka, inspekta mmoja mnene, akasoma barua ya meneja. Hakimu akamuuliza Kipyego kama huyo ng'ombe alikuwa wake. Akajibu, sijui, afande. Watu wawili watatu nyuma wakacheka, maana hakimu haitwi afande. Aliulizwa alipewa na nani, akatazama viatu. Hakimu akashika kalamu aandike, na mimi nikajikuta nimesimama. Magoti yaliamua kabla yangu.

Nikasema, Mheshimiwa, mtoto huyu aliyajua majibu yote alipoletwa kwetu, na mimi ndiye niliyemfundisha kutojibu, kwa kuogopa askari. Nikatoa daftari. Inspekta akasema, "Mheshimiwa, hiyo ni kazi ya mwalimu mwenyewe, inaweza kuwa imeandikwa jana kwa chai." Nilikubali kwamba inaweza, isipokuwa kwamba mimi, mtu wa Chwele, ambaye sijakanyaga boma lile, siwezi kubuni ng'ombe thelathini na mmoja hata kwa chai ya wiki nzima. Hakimu akakohoa, nadhani alikuwa akificha kicheko, akaniruhusu nisome ukurasa wa mtamba peke yake.

Nikavaa miwani nikasoma. Mtamba mweusi, soksi nyeupe mguu wa nyuma, mama yake ni Lelmet.

"Siyo Lelmet."

Ilikuwa sauti ya Kipyego. Sikuwa nimeisikia ikiwa na ukubwa huo tangu Desemba. Alikuwa amesimama kizimbani, amenikunjia uso kama vile mtu anavyomkunjia mtoto aliyefungulia ndama kwenye mahindi. "Mwalimu, uliandika vibaya. Lelmet ni nyanya yake. Mama yake ni wa pembe iliyolegea. Alizaliwa siku ya mvua ya mawe, tukamfunika na gunia."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akamwambia aendelee. Kipyego akafumba macho. Akapita watano, akapita wa sita, mimi nikifuata kwa kidole kwenye daftari, wa saba, wa nane, mahali pengine anasimama mpaka nadhani amekwisha, kisha anaendelea. Alifika kumi na mmoja. Hapo akafumbua macho akamwambia hakimu, "Wengine wapo, lakini wako mbali."

Hakuna aliyecheka safari hii. Hakimu akaniambia nimalizie kusoma ukurasa, nikasoma habari ya chumvi, ya baiskeli, na jina la Gerishon. Akauliza kama huyo Gerishon yuko hai. Mwana wa Mzee Kibet mwenyewe, aliyekuwa ameketi mbele, ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kwamba duka lake liko pale pale barabarani. Alhamisi iliyofuata Gerishon alikuja, mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio. Aliulizwa kama anaikumbuka siku hiyo, akasema anaikumbuka sana kwa sababu gunia lilipasuka njiani. Akaulizwa mbona hakusema jambo hili mapema. Akasema, Mheshimiwa, hakuna mtu aliyekuja kuniuliza.

Kipyego aliachiliwa siku hiyo hiyo. Nyanya yake alikuwa amekuja na koti la mtu mwingine ili mtoto asisafiri kwa baridi. Nilimpa daftari. Alifungua picha zangu, akatabasamu kidogo, akasema bado ni mbuzi. Kisha akanirudishia. Aliniomba nimwekee, akasema akiwa nyumbani atawaona wenyewe.

Ungetaka barua iishie hapo, na ningeonekana mtu mwema. Lakini sasa nimelimaliza boma lote, nimefika mlangoni.

Mwezi wa tatu, dada, ofisa wa probesheni, yule anayezichunguza kesi za watoto kwa niaba ya mahakama, alikuja hapa. Alikuwa na fomu na muda, jambo ambalo ni nadra. Aliniuliza mimi, kama mwalimu, kama kuna mtoto mwenye shahidi yeyote ambaye anaweza kutafutwa. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, nililigusa. Jina la Gerishon lilikuwa ndani. Kutoka hapa hadi duka lake si safari ya nusu siku. Nikamwambia hakuna.

Mahakamani nilisema niliogopa askari, na kila mtu alielewa, maana nani haogopi. Haikuwa hiyo. Ofisa yule alikuwa mpole na mlango ulikuwa umefungwa. Nilimwambia hakuna kwa sababu Kipyego akienda, saa kumi na moja ingefika na kusingekuwa na mtu kwenye ngazi. Kila kesi ilipoahirishwa nilimpa pole, na nikarudi nyumbani kuweka maji ya chai ya watu wawili. Nilifurahi, Nelima. Nilikuwa nafurahi na kumwita mwanangu. Na nilichokuwa nakizuia kisiondoke kilikuwa kinaondoka hivyo hivyo mbele ya macho yangu, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki na kijana anayetazama kuku. Bi Jepkemboi alifikiri ni seng'enge. Ni kweli ni seng'enge, ila nguzo mojawapo ya ile seng'enge ilikuwa mimi.

Hilo sijamwambia mtu. Kipyego mwenyewe hajui. Nimewaza niende Cheptiret nimwambie, na nadhani nitaenda, baada ya Krismasi, barabara ikikauka. Sijui atasema nini. Hiyo sijui ni ya kweli, si ya somo.

Meneja ameniandikia barua nijieleze kwa nini nilifundisha watoto kuficha ukweli, na nimeambiwa nipumzike kuanzia tarehe moja Desemba mpaka makao makuu wajibu. Usiwe na wasiwasi. Kujieleza nimeshaanza, kama unavyoona, ila wao nitawafupishia. Darasani nimefuta lile somo. Kuna mtoto mdogo aliyeletwa Jumatano, nilimwita pembeni, akasimama akingoja nimwambie la kusema, nikajikuta sina. Mwisho nikamuuliza kwao wanafuga nini. Akasema kuku wanne na bata mmoja mkali. Nikaandika.

Na ile karatasi ya mstari mmoja nimeitoa kwenye Biblia, iko hapa mbele yangu. Jioni unaongea na nani? Jibu ni hili: mwaka huu nilikuwa naongea na mtoto ambaye ilipasa awe kwao. Sasa siongei na mtu. Saa kumi na moja nakaa kwenye ngazi na daftari, nawataja ng'ombe wa Mzee Kibet bila kuangalia, nijipime. Jana nilifika kumi na tisa.

Nisalimie shemeji na redio yake, nisalimie wajukuu mmoja mmoja kwa majina, usiwasalimu kwa jumla kama unavyopenda. Mwambie fundi Wanyonyi kwamba tochi yake ninayo na sijaiuza. Mungu aupoze mguu wako.

Ukiniandikia, usinipe pole kwanza. Niulize jambo lingine, dada, lolote unalotaka, hata ukilipigia mstari mara tatu. Nitajibu.

Ni mimi mdogo wako,

Elphas Kituyi